Boriti mbovu ziliniharibia chakacha

Haya jamani, leo tuongee boriti. Sio zile za mikoko zilizoshika dari za nyumba zetu hapa Amu. Naongelea ule mstari mnene kwenye karatasi ya muziki, ule unaofunga vijiti vya nota mbili tatu pamoja. Mimi nauita boriti, basi.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili (nyumbani bado hawajanimaliza kwa hilo). Siku hizi nasikiliza kaseti za bibi na kuandika nyimbo za harusi kwa laptop. Mwezi uliopita nikamtumia rafiki yangu mpiga fidla chakacha moja. Akaja nyumbani, akaipiga. Mashangazi wakatazamana. Mmoja akauliza, "Huyu apiga wimbo gani?" Na ni wimbo ulioimbwa kwenye harusi yake yeye mwenyewe!

Kosa langu. Chakacha huenda sita kwa nane: nota fupi sita, mapigo makubwa mawili, tatu-tatu. Mimi nikaweka tatu kwa nne, programu ikazifunga zote sita chini ya boriti moja ndefu. Jamaa hakuona pigo la pili linaanzia wapi. Nota zote sahihi, lakini kiuno hakina pa kukatikia.

Nikarekebisha. Ikabaki sura. Boriti hupanda na kushuka na nota, ila kidogo tu. Nota ya kwanza na ya mwisho zikilingana, inalala sawa. Ncha zake zikae juu ya mstari, zining'inie chini yake, au ziukalie katikati. Zikielea ovyo, kati ya boriti na mstari kunabaki vipembetatu vyeupe vidogo sana. Kwenye simu huvioni. Peleka fotokopi sasa: wino unavijaza, unapata madoa. Mafundi wa zamani wa Ulaya, waliochonga nota kwenye bamba la metali, walivikwepa kwa mkono, boriti moja moja. Mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walianzisha LilyPond ili kompyuta nayo ichape kurasa zenye uzuri ule. MuseScore 4 ya 2022 nayo ilipanga boriti upya. Zote bure, bana. Kwa hiyo usiniambie huna pesa.

Najua mtasema muziki wetu hausomwi, unasikizwa. Kweli, tari za Maulidi hazingoji karatasi. Lakini pale Unguja, Dhow Countries Music Academy inafundisha taarab darasani tangu 2002, na kuna watoto wa kwetu wanaokulia Ghuba na Ulaya ambao hawatawahi kukaa kwenye ukumbi wa wanawake usiku wa harusi. Hao watakutana na wimbo kwenye PDF kwanza. Watapiga walichokiona. Ndiyo maana nakasirika mtu akiposti nota za nyimbo za pwani, boriti zote vile zilivyotoka kwa mashine, halafu anaandika "tumehifadhi utamaduni". Umehifadhi nini, ndugu yangu? Hujagusa hata boriti moja.

Bado nina kaseti saba. Shangazi amesema Ijumaa ataimba tena, nije na kalamu nihesabu makofi yake kwanza, laptop niiache chumbani.