Hesabu Kwanza, Bomba Baadaye

Novemba iliyopita kijana mmoja wa Makere alinipigia simu asubuhi na mapema: "Bwana shamba, nimekwisha! Viwavijeshi wamemaliza mahindi, niambie dawa gani." Nikamuuliza swali moja tu: miche mingapi kati ya 100? Kimya. Halafu akasema, "Ni mingi sana."

"Mingi sana" siyo namba, vijana wangu. Nilimfuata. Pale pembeni anapopaki pikipiki, miche ilikuwa imetoboka kweli kweli. Tukaingia ndani, tukahesabu: 9 kati ya 100. Na hela ya dawa alikuwa ameshaikopa.

Simcheki, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2017, kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini, nilikuwa nasimama barabarani kule Kifura, natazama mistari ya mwanzo tu, nasema "pulizia". Watu walitoa hela zao kwa maneno yangu.

Kuhesabu siyo kazi kubwa. Ingia hatua kadhaa ndani, tembea kwa umbo la herufi W, simama sehemu 5. Kila sehemu kagua miche 20 inayofuatana kwenye mstari. Usiruke mizuri ukatafuta mibovu. Jumla ni 100, kwa hiyo asilimia unaipata bila kikokotoo. Fungua moyo wa mche, hesabu wenye madhara mapya tu: vidirisha vyeupe kwenye majani machanga, kinyesi kibichi kama unga wa mbao, au kiwavi mwenyewe, yule mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na nukta 4 za mraba karibu na mkia. Jani lililotoboka zamani halijifungi hata kiwavi akishakufa. Hapo ndipo wengi mnaponunua dawa ya kiwavi ambaye hayupo.

Mahindi yakiwa machanga, ikifika kama miche 20, chukua hatua. Yakikaribia kutoa mbelewele, subiri hadi kama 40. Mbelewele zikishatoka, mimi nasema bomba lirudi stoo: kiwavi akiwa ndani ya gunzi dawa haimfikii, na mahindi ya kuchoma yako njiani kuliwa.

Wapo wenzangu wanaosema mkulima wa biashara asisubiri, apulizie kila wiki. Wana hoja: kiwavi akishakuwa mkubwa anajichimbia moyoni na kuziba kwa kinyesi, dawa inapita juu. Lakini dawa ya hilo ni kukagua mapema, mara 2 kwa wiki tangu mahindi yanapoota. Ukipulizia kwa kalenda unaua pia nyigu wanaokusaidia kazi, na nyuki wa jirani yako. Kibondo nako watu wanaishi kwa asali, tusisahau.

"Nina ekari 10, muda sina." Basi gawanya kwa tarehe za kupanda. Ya Oktoba yawe na W yake, ya Desemba yake. Ukichanganya, eneo lililoshambuliwa litajificha nyuma ya lile zima, na utajua limeumia wakati limeshachelewa.

Yule wa Makere alihesabu tena wiki iliyofuata, baada ya mvua kubwa: 6. Ile hela akanunulia mbolea ya kukuzia.