Gemu Yako Haina Mapepo: Acheni Kufomati Kompyuta za Watu!

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo. Niko nyumbani Boito, stima imepotea mara mbili tangu asubuhi na betri ya laptopu inakaribia kukata, kwa hivyo nitasema haraka: hakuna gemu inayojifunga ovyo ovyo. Hakuna! Kuna gemu inayojifunga kwa sababu ambayo hujaitafuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa jirani huchuna majani chai wakati wa likizo, analipwa kwa kilo. Jioni anacheza Grand Theft Auto: San Andreas, ile iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005. Lakini yake imejaa modi, yaani vitu vilivyotengenezwa na mashabiki wenyewe: matatu za Nairobi, boda boda, mabango ya Kiswahili. Modi 16 kwa jumla. Leo inacheza dakika tano inajifunga, kesho inacheza saa nzima ndipo ijifunge.

Akampelekea fundi. Fundi akasema ni virusi, akafomati. Picha za familia zikaenda na maji, gemu ikarudishwa, ikajifunga. Fundi wa pili akasema RAM ni kidogo. Kijana akatoa pesa ya chai, akapanda kutoka GB 4 hadi GB 8. Ikajifunga. Na mimi, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, aliponipigia simu mara ya kwanza nilimwambia nini? "Hizo modi ni takataka, futa zote." Kwa hivyo hasira hii inaanzia kwangu mwenyewe.

Tuanze na RAM. San Andreas ni programu ya biti 32. Programu ya aina hiyo, isipofanyiwa marekebisho, hupewa na Windows nafasi ya GB 2 tu, hata kama mashine ina GB 64. Na ndani ya gemu kuna bajeti nyembamba zaidi: MB 50 za kubebea magari, nyumba na barabara zinazokuzunguka. Kuongeza RAM hapo ni sawa na kununua ghala la pili wakati kikapu cha kuchunia ni kilekile.

Pili, Windows huandika kila kifo. Fungua Event Viewer, uingie sehemu ya Application. Tulikuta namba 0xc0000005, maana yake programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Kando yake kuna jina la faili na mahali ilipoangukia. Kama ni palepale kila mara, anza kwa kushuku modi. Kama panabadilikabadilika na programu nyingine pia zinakufa, hapo ndipo ushuku RAM, joto au stima yetu hii inayopanda na kushuka; uache MemTest86 ifanye kazi usiku kucha. Ya kijana ilikuwa palepale.

Tatu, toleo. Modi nyingi ziliandikwa kwa toleo la 1.0, na hugusa anwani kamili ndani ya programu. Baada ya kashfa ya Hot Coffee mwaka 2005 likatoka toleo jingine, na anwani zikahama. Modi sahihi kwenye toleo lisilo lake ni kama kubisha nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Yake ilikuwa 1.0, tukasonga mbele.

Nne, gawanya kwa mbili. Toa modi nane, cheza. Ikijifunga, mwenye kosa yumo katika nane zilizobaki. Isipojifunga kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, yumo katika zilizotolewa. Nane, nne, mbili, moja: majaribio manne. Ikiwa modi mbili zinagombana zenyewe kwa zenyewe utatoka jasho zaidi, lakini sisi tulimaliza jioni moja.

Mkosaji alikuwa nani? Matatu! Aliyeitengeneza alichora ubavuni picha ya msanii, safi kabisa, pikseli 4096 kwa 4096, bila kubanwa. Piga hesabu: kila pikseli baiti 4, jumla MB 64. Picha moja imezidi bajeti nzima! Na kwa nini ilionekana ovyo ovyo? Kwa sababu gemu huchagua magari ya barabarani kwa bahati nasibu. Matatu ile ikitokea, barabara zinaanza kupotea, kisha kwaheri. Bahati nasibu ilikuwa ya magari, kosa lilikuwa lilelile. Tukapunguza picha hadi 512 kwa 512, ikawa MB 1. Haijajifunga tena.

Najua mtaniambia: "Wewe una digrii, sisi je?" Jamani, kugawanya kwa mbili ni hesabu ya shule ya msingi. Wengine mtasema ni mchezo tu. RAM ilinunuliwa kwa pesa za mgongo, hiyo si mchezo. Na hapa kwetu mashine ni jambo zito: Mei 2023, Kericho, mashine za kuchuna chai zilichomwa moto na watu waliosema zinawala kazi. Kijana anayekulia kati ya chai na mashine anahitaji kujua kuihoji mashine. Sisi tunamfundisha kufuta na kununua.

Nanyi mnaotengeneza modi, kazi yenu naiheshimu. Andikeni toleo, andikeni ukubwa wa picha, na mbane picha zenu. Nanyi mafundi, kabla ya kufomati, someni kumbukumbu ya kifo. Ni bure.

Kijana sasa anachora matatu yake mwenyewe. Jana kaniuliza, "Injinia, 1024 itatosha?" Nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Akapiga: MB 4.

Haya, betri inakata. Naenda kunywa chai.