Hitilafu au Kufuli?

Hutokea mara nyingi kwamba mwalimu au mkutubi aiwekapo diski ya video, yaani DVD, katika kompyuta inayoendeshwa na Linux, majina ya mafaili yaliyomo huonekana yote kwenye kioo, lakini picha haitokei, au hutokea miraba ya rangi isiyo na maana. Hapo hukumu hutolewa papo hapo: kompyuta ni mbovu, au programu huria hazifai. Hukumu hiyo ni ya haraka, na mara nyingi si ya haki. Tabibu hatoi dawa kabla ya kuupima ugonjwa. Fundi naye hana budi kufanya vivyo hivyo.

Jambo la kwanza ni kutenganisha hitilafu na kufuli. Diski na ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Kisha ijaribiwe DVD nyingine isiyo na kufuli, kama vile iliyorekodiwa nyumbani. Ikiwa hiyo yachezwa vizuri, basi chombo kinachosoma diski ni kizima na programu ni nzima. Kinachobaki kushukiwa ni kufuli.

Kufuli hiyo huitwa CSS. Ni njia ya kuvuruga picha kwa hesabu, na ufunguo wake una urefu wa biti 40. Watengenezaji wa vyombo vya kuchezea DVD hupewa funguo kwa leseni, na sharti kubwa la leseni hiyo ni kutunza siri. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, imesimama juu ya sharti lililo kinyume: kila mtu aweza kuyasoma maandishi ya programu, kuyarekebisha na kuyagawa. Siri na uwazi haviwezi kukaa katika chungu kimoja.

Mwaka 1999 ilitokea programu iliyoitwa DeCSS, nayo ikaifungua kufuli. Mahakama ya New York ilikataza kuenezwa kwake mwaka 2000. Lakini huko Norway, kijana Jon Johansen, aliyeshtakiwa kwa ajili ya programu hiyo hiyo, aliachiliwa Januari 2003, na mahakama ya rufani ikakubali hivyo Desemba mwaka huo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na libdvdcss, iliyotungwa na mradi wa VideoLAN wa Ufaransa. Debian haiiweki miongoni mwa programu zake. Hutoa kifurushi cha libdvd-pkg, ambacho huyaleta maandishi ya libdvdcss na kuijenga katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Kwa kuwa sheria za nchi hazilingani, yafaa kila chuo kiitazame sheria ya kwao kabla ya kuiweka.

Iko kufuli ya pili. Dunia iligawanywa katika kanda 6 za biashara. Mombasa na Dar es Salaam zimo katika kanda ya 5, na Muscat na London katika kanda ya 2. Hivyo zawadi ya diski iliyonunuliwa Muscat yaweza kukataliwa Mombasa, ingawa fedha zake zimelipwa kwa halali. Vyombo vya kompyuta vilivyotengenezwa tangu mwaka 2000 huruhusu kanda kubadilishwa mara 5 tu, kisha hubaki hapo. Kwa hiyo asiyejua asibadilishe ovyo.

Wenye filamu husema kwamba kufuli hulinda jasho la wasanii. Jasho la msanii lastahili kulindwa kweli. Lakini tangu mwaka 1999 aliyekusudia kuuza nakala za wizi amekuwa na njia, ilhali mnunuzi mwaminifu mwenye kompyuta huria ndiye aliyeachwa nje ya mlango. Kufuli inayomzuia mwenye nyumba na kumpitisha mwizi haijatimiza kazi yake.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba CSS si lazima. Mtoaji wa diski ndiye achaguaye kuiweka au kuiacha, na ndiye achaguaye kanda moja au kanda zote. Basi taasisi yoyote ya umma inayotoa masomo ya kilimo, afya au sayansi kwa DVD haina sababu ya kuyafunga. Maktaba nazo ziulize kabla ya kununua: je, diski hii ina kufuli, na ni ya kanda gani?

Swali hili halina muda mrefu wa kungoja. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingizia diski, na hapana budi masomo yaliyomo yahamishwe wakati vyombo vya kuyasoma vingalipo. Yaliyo wazi yatahamishwa na fundi yeyote mwenye subira. Yaliyofungwa yatabaki rafuni, diski zenyewe zikiwa nzima, na mwanafunzi aliyenunuliwa masomo hayo hatayaona.