Pilipili Manga na Mizani ya Dunia

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana haki ya kutuuliza swali hilo hilo sisi wa Mwanhuzi, ambao zao letu la biashara ni pamba na wala si viungo. Jibu letu ni kwamba inatuwasha. Mkulima wa pamba wa Meatu na mkulima wa pilipili manga wa visiwani, au wa milima ya Amani kule Muheza, wote huuza katika soko ambalo bei yake hupangwa mbali nao, na watu wasiowajua.

Hebu tuyatazame mambo yalivyo. Mwaka 2015 tani moja ya pilipili manga ya Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo, iliuzwa nje kwa zaidi ya dola 9,000 za Marekani. Bei hiyo iliwavuta wakulima wengi, na mashamba ya nchi hiyo yakapanuka hata kuvuka hekta 150,000 mwaka 2017. Soko likafurika. Kufikia mwanzo wa mwaka 2020, tani ile ile ilikuwa imeshuka hadi dola elfu mbili na ushei. Wengi wakaitelekeza mipilipili yao, mavuno yakapungua, na mwaka 2024 bei ikapanda tena na kuvuka dola 5,000.

Mpilipili manga huchukua kiasi cha miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Aliyepanda mwaka 2015 kwa kufuata bei alivuna wakati bei imekwisha anguka. Kwa hiyo basi, kiongozi anayewahimiza wananchi kupanda kwa sababu tu bei ya leo ni nzuri hajawaeleza ukweli wote.

Wananchi wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani waliliona katika karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe kwa wingi katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Karafuu ya Pemba haikuwa imepoteza harufu yake. Aliyebadilika ni mnunuzi. Sisi nasi, bei elekezi ya kilo ya pamba ilikuwa shilingi 1,560 mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikawa shilingi 1,060. Jembe lilikuwa lile lile na jasho lile lile.

Hatusemi kwamba pilipili manga isilimwe. Tunasema ilimwe kwa macho yaliyo wazi. Kwanza, wahusika serikalini hawana budi kutangaza bei ya dunia katika kila shehia na kila kijiji, inapopanda na inaposhuka pia. Mkulima asiyejua bei ni windo la mlanguzi.

Pili, yajengwe maghala na sehemu safi za kuanikia. Pilipili manga iliyokauka vizuri hukaa muda mrefu bila kuharibika, na hiyo ndiyo silaha ya mkulima. Mwenye ghala aweza kungoja. Asiye na ghala huuza siku ada ya mtoto inapodaiwa. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa Bara tangu mwaka 2005, na faida yake imfikie mkulima mdogo. Mizani nazo zikaguliwe. Qurani ina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo. Karani wa ununuzi asidhani kwamba dhambi hiyo ni ya zamani.

Tatu, mtu asing'oe muhogo wala mgomba wake kwa tamaa ya dola. Mpilipili manga wenyewe hutambaa juu ya mti mwingine, nao hustawi kati ya minazi na miti ya matunda. Tuulime hivyo, uwe nyongeza ya chakula cha nyumbani na wala si badala yake.

Bei ya dunia hatuiwezi. Lakini taarifa, ghala na mizani ya haki vimo katika uwezo wetu, na kiongozi asiyevisimamia hana haki ya kulilaumu soko.