Baharia Yule Aliwaibia Nini?

Tarehe 15 Januari 2011, katika Bahari ya Arabuni, maharamia wa Kisomali waliiteka Samho Jewelry, meli ya Korea Kusini ya kubebea kemikali, ikiwa na mabaharia 21: Wakorea, Waindonesia na Waburma. Nahodha Seok Hae-gyun, mtu mzima wa miaka 58, akafanya hila kuichelewesha isifike Somalia. Tarehe 21 makomandoo wa Korea waliivamia. Maharamia 8 waliuawa, 5 wakashitakiwa Korea. Mabaharia wote waliokolewa, ila nahodha alipigwa risasi akawa mahututi. Mwenyezi Mungu akamnusuru.

Wako wanaowatetea maharamia, kwamba meli za kigeni zilipora samaki wao baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991. Uporaji huo ulikuwapo, wala hatuupuuzi. Lakini baharia wa Burma alivua samaki wa nani?

Hapa Tarime hoja hiyo twaijua kwa sura ya ng'ombe. Kijana huswaga usiku mifugo ya watu. Akiulizwa, husema ukoo ule nao ulituibia zamani. Wenzetu wa Rorya nao huporwa nyavu na mashine za mitumbwi ziwani. Kuwatisha watu na kuwapora mafakihi hukuita hiraba, na adhabu yake katika Suratul Maidah ni nzito.

Nanyi wazazi, mwaletewa mahari. Ulizeni kwanza ng'ombe hao wametoka zizi la nani, msipojibiwa, warudisheni.