Uzee hauna kadi

Jamani, tuseme ukweli. Serikali ya Uganda inawapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi, mpango wa SAGE. Ni kidogo, lakini bila kitambulisho cha taifa hata hizo hupati. Hapa Kyarumba wako wazee ambao kadi imewapunguzia miaka, wanaambiwa ngojeni. Bibi zetu wakimbizi, hiyo kadi hawana kabisa. Na nyumba ya kutunza wazee hatuna: anayemwogesha bibi ni msichana aliyeacha shule. Ndugu wa mashirika, msituambie eti familia itasaidia. Familia ndiyo huyo msichana! Mwandikeni, mpeni posho, arudi darasani. Uzee hauulizi ulizaliwa ng'ambo gani ya mto Lhubiriha.