Skana haijafa, imekosa draiva tu

Leo naacha mambo ya kuandika programu kando kidogo, maana kuna jambo la skana linaloniudhi.

Juzi mama mmoja mwenye saiba hapa Majengo, Embu, alinipigia simu. "Kijana wangu, njoo uone, hii kompyuta haioni skana." Kompyuta aliinunua mtumba, ina Windows 10 ya biti 64. Ile ya kwanza, ya Windows XP, iliharibika. Fundi aliyenitangulia alishatoa hukumu: skana imekufa, nunua nyingine. Kwa saiba ndogo hiyo ni hasara kubwa. Vitambulisho, vyeti vya shule, barua za chifu, vyote watu wanaleta viskaniwe ili vitumwe kwa intaneti.

Nilianza na mambo ya kawaida, na wewe anza nayo. Baadhi ya skana hizi za kulaza karatasi juu ya kioo zina kikufuli cha kuzuia taa isitembee zikisafirishwa. Hakikisha kimefunguliwa. Nyingine hazina adapta, zinategemea umeme wa USB peke yake, na poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu. Basi ichomeke nyuma ya kompyuta moja kwa moja, bila kigawanyio. Jaribu pia waya mwingine.

Kisha fungua Device Manager. Ukichomeka na kuchomoa na orodha isibadilike hata kidogo, shida ni waya, poti au skana yenyewe. Likitokea jina lenye alama ya manjano, libofye mara mbili usome namba ya kosa. Namba 43 mara nyingi hukurudisha kwenye waya na poti. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa.

Ya mama ilikuwa 28. Yaani skana imepiga hodi, kompyuta imesikia, ila hawaelewani lugha. Nikaenda kwenye tovuti ya mtengenezaji: draiva ya mwisho ni ya biti 32. Windows ya biti 64 huendesha programu nyingi za biti 32 bila shida, lakini draiva ya biti 32 haiikubali ndani ya kiini chake.

Nikachomeka flashi yenye Linux, nikawasha kompyuta kupitia hiyo, nikaandika scanimage -L. Skana ikajitaja jina! Muda si muda tukawa tumeskani kitambulisho cha mama mwenyewe. Hiyo ni kazi ya SANE, mradi ambao wengi wao ni watu wa kujitolea wanaoandika draiva za skana na kuzitoa bure pamoja na msimbo wake. Draiva kadhaa waliziandika kwa kuchungulia mazungumzo ya skana na Windows, kwa kuwa mtengenezaji hakutoa maelezo.

Mtu ataniambia kampuni haiwezi kutunza draiva za kila kifaa milele. Nakubali. Mimi mwenyewe sipendi kurudia programu niliyoandika miaka mitano iliyopita. Lakini siku mkiamua kuacha kutunza, toeni maelezo ya jinsi kifaa kinavyozungumza na kompyuta. Wapo watakaoimalizia kazi bila kuwadai senti. Kioo kizima, mota nzima, taa inawaka, halafu mashine itupwe kwa kukosa faili moja? Na gharama inamwangukia mama wa Majengo.

Sasa kompyuta yake ina Linux na Windows pamoja. Kero ipo: akitoka upande mmoja kwenda mwingine lazima azime na kuwasha upya. Anasema ni afadhali hivyo kuliko kununua skana.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujatupa yako, soma ile namba. Na ukienda kununua nyingine, hata ya mtumba, tafuta kwanza jina lake kwenye orodha ya SANE ndipo utoe pesa.